WATU WANNE, VYUMBA VITATU: USIKU WETU WA TANGA RAHA!

Ukitaka kuujua mji, achana na hotuba za wakubwa. Nenda gesti, simama mapokezi, soma karatasi iliyobandikwa ukutani. Lipa kwanza. Usifue chumbani. Mwisho wa kutoka saa 4 asubuhi. Na kwenye gesti nyingi tu za huku Bara, ukishuka chini kidogo utaikuta na hii: wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja.

Wanawake wawili je? Kimya. Hawatajwi kabisa. Dada wawili wakija na begi moja, aliyekaa mapokezi anawaonea huruma. Masikini, anajisemea, wanabana matumizi. Anawaongezea na taulo.

Basi bwana, Jumamosi moja ya Septemba 2025 tulifika watu wanne kwenye gesti moja ya Tanga, mitaa ya Usagara, tukachukua vyumba vitatu. Mimi na mwenzangu kimoja. Vijana wawili waliotoka Mombasa, ambao wanapendana huu mwaka wa sita, kila mmoja chake: mmoja mwanzo wa korido, mwingine mwisho, jirani na choo. Sisi tulilipa mara moja, wao wakalipa mara mbili.

Kama bado hujang'amua, msomaji wangu, neno "mwenzangu" hapo juu soma tena taratibu. Ndiyo. Hivyo hivyo. Majina yetu siyaandiki, na sababu utaiona huko mbele.

SHERIA KWANZA, RAHA BAADAYE

Wengi mnaosoma ukurasa huu mmezoea tuwaambie disko lipi linapiga nini na kiingilio shilingi ngapi. Leo kuna hesabu nyingine. Watu kama sisi tukisafiri, kabla ya kuuliza bia bei gani, tunauliza miaka mingapi.

Kenya, Kifungu cha 162 cha sheria yao ya adhabu kinasema miaka 14 kwa kile wanachokiita kinyume cha maumbile. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta. Ukishavuka Lunga Lunga ukaingia Horohoro, mita chache tu, watu wale wale, Kiswahili kile kile, ile 14 inageuka. Kifungu chetu cha 154 kinaanzia miaka 30 na kinafika kifungo cha maisha. Makali hayo yaliongezwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ile tuliyoizoea kwa jina la SOSPA. Kisha kuna Kifungu cha 157, miaka 5, na hicho kinawataja wanaume peke yao. Kama ile karatasi ya gesti.

"Yakhe," alisema mmoja wa wale vijana tulipowapokea stendi ya Kange, "leo nimevuka mpaka nikajiongezea kifungo cha miaka kumi na sita, na wala sijanywa hata soda."

Tulicheka. Lakini alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa.

MATEMBEZI YA KUBADILISHANA

Tanga ni mji wa kutembea. Wenyewe wanauita waja leo waondoka leo. Barabara zimenyooka, baiskeli zinapita bila kelele, na ukifika Ngamiani mitaa inahesabiwa kwa namba, huwezi kupotea hata ukiwa mgeni wa jana. Jioni tukaenda kupunga upepo wa bahari, tukakaa bustani ya Jamhuri kutazama bandari na kisiwa cha Toten pale mbele, halafu tukachukua bajaji hadi Raskazone.

Sasa angalia tulivyotembea. Mimi na kijana mmoja wa Mombasa mbele, mikono imeshikana. Nyuma, mwenzangu na yule kijana mwingine, wamepeana bega. Mtu akitutazama anaona vijana wawili na wachumba zao, wametoka out. Kumbe hapo wachumba halisi ni mimi na yule wa nyuma, na huyu niliyemshika mkono macho yake yote yako kwa yule mwenye shati la bluu.

Hii ndiyo akili ya mjini. Kila mmoja wetu ni kitambulisho cha mwenzake. Wao wakiwa na sisi, hakuna anayewauliza kwa nini hawajaoa. Sisi tukiwa nao, hakuna wakaka wanaokuja mezani kutununulia soda kwa lazima. Tukala pweza na mishkaki, tukashushia na maji ya madafu. Kwa saa mbili nzima nilisahau kuangalia nani anatuangalia.

Tanga ya sasa ina wageni wengi kuliko zamani. Kule Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443. Hoima iko Uganda, na Uganda ndiko walikopitisha ile sheria ya 2023 yenye hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kijana wa Mombasa alipoambiwa hivyo alitazama upande wa Chongoleani akasema, "Basi na yale mafuta yakija huku, yanakimbia?"

NGOMA INOGILE

Saa 3 usiku tukaenda kwenye shughuli. Shangazi wa mwenzangu alikuwa na harusi ya jirani yake, Ngamiani, na shughuli ya Ngamiani huhitaji kadi. Unahitaji gauni tu na noti ndogondogo za kutunzia.

Na taarabu, mashoga zangu, hapa ndipo kwake. Watu wanadhani taarabu ni Unguja na Unguja peke yake. Hapana. Miaka ya 1960 na 1970 ni Tanga iliyoibadilisha. Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu huu, viliingiza magitaa ya umeme na besi, wakaweka wanawake mbele kuimba, na pwani nzima hadi Mombasa ikafuata. Shakila Said, Mungu amrehemu, aliyefariki Agosti 2016, sauti yake ilijengwa hapa. Miaka ya 1990 ikaja mipasho. TOT ikaanzishwa mwaka 1992, kikundi cha Chama chenyewe, ikawa inakabana koo na Muungano, na watoto wa mjini tukagawanyika kama Simba na Yanga.

Kwenye shughuli ile palikuwa na kaka mmoja. Sitasema ana sura gani. Yeye ndiye aliyempamba bibi harusi, yeye ndiye aliyejua nani akae wapi, na kibao kilipochanganya yeye ndiye aliyeingia katikati ya akina mama na kanga kiunoni, akayarudi mpaka mzee mmoja mwanamke akamwekea elfu kumi kwenye paji la uso. Hakuna mwanamume mwingine aliyeruhusiwa kufika pale. Kina baba walikuwa nje na kahawa yao.

Nikamwuliza shangazi kwa sauti ya chini: watu hawasemi?

"Waseme nini mwanangu?" akanijibu. "Shughuli zao wote, nani anapamba?"

Hilo neno "shoga" lenyewe lisikilize lilivyo. Mwanamke wa pwani akimwita mwenzake "shoga", anamwita rafiki wa siri, wa kwenda naye shughulini, wa kumwazima kanga. Neno hilo hilo, likitupwa kwa mwanamume barabarani, linageuka jiwe. Pale ndani ya ukumbi lilikuwa bado ni lile la kwanza. Akina mama walimwita kaka yule "shoga", na wakamaanisha rafiki.

Vijana wetu wa Mombasa walikuwa wamesimama mlangoni, kwa upande wa wanaume, wakichungulia. Mmoja macho yalimlengalenga. Baadaye aliniambia hakuwa akililia ule wimbo. Alikuwa hajawahi kumwona mtu wa namna yake akiwa na ndevu za mvi. Ana miaka 27, na wote anaowajua ni vijana.

Wazee wa pwani wana neno lao kwa hali kama ile: sitara. Unajulikana, lakini hutajwi. Unakula nao, unacheza nao, unazika nao, na mambo yako ya chumbani yanabaki chumbani kama ya kila mtu. Wengi wetu tumekulia ndani ya sitara hiyo na tunaipenda. Inatupa pumzi.

Lakini haikuandikwa popote.

SITARA INAPOCHANIKA

Saa 6 na nusu tukatoka, tukasimama kwa muuza kahawa. Mnakumbuka Septemba 2025 ilivyokuwa: kampeni zimepamba moto, uchaguzi wa Oktoba 29 unakaribia, kila nguzo ina picha ya mgombea. Kwenye benchi ya pili wanaume walikuwa wakizungumza siasa. Nani anafaa, nani kauza nchi. Halafu mmoja akasema fulani hawezi kuongoza, "huyo si ndio hao hao", akapinda kiganja cha mkono. Benchi zima likacheka.

Kijana wa Mombasa aliweka kikombe chini. "Ikianza hivi," akasema, "mimi huanza kutafuta mlango."

Anajua anachosema. Februari 2010 alikuwa mtoto wa darasa la saba Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Uvumi ulitoka kwamba wanaume wawili wataoana pale. Harusi yenyewe haikuwepo. Lakini viongozi wa dini, maimamu kwa wachungaji, waliungana kuipinga, na umati ukakizingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI kilichokuwa kikihudumia watu kwa habari za Ukimwi. Wanaume walipigwa. Polisi wakawachukua wengine, ikasemwa ni kwa usalama wao. Na 2010 ulikuwa mwaka gani? Ulikuwa mwaka wa kura ya katiba mpya, Agosti 4, kila mtu akitafuta wafuasi. Ndio mwaka huo huo Serikali ya Nairobi ililipiga marufuku kundi la MRC, wale wa "Pwani si Kenya". Pwani ilikuwa inagombewa, na katikati ya ugomvi huo wakapatikana watu wa kupigwa ambao hakuna atakayewatetea.

Tukaanza kuhesabu, pale pale kwenye kahawa.

Unguja 2004. Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria mpya, na kwa mara ya kwanza wanawake nao wakatajwa: miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 500,000. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkali wa 2005.

Unguja 2006. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen aliyezaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, angetimiza miaka 60 kama angekuwa hai. Watu wa biashara ya utalii wakapanga sherehe ufukweni. UAMSHO wakatishia maandamano, sherehe ikafutwa. Baada ya miaka michache UAMSHO hao hao ndio waliokuwa wakijaza viwanja kuupinga Muungano, hadi viongozi wao wakakamatwa 2012. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa na Dodoma na Dar es Salaam. Wa kwanza kufukuzwa wakawa watu wa kukata keki.

Dar es Salaam 2018. Mwishoni mwa Oktoba, Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wamtumie majina. Novemba 4 Serikali ikasema yale ni maoni yake binafsi. Lakini watu walikuwa wameshahama nyumba. Siku hizo hizo, kule Pongwe, vijana 10 wakakamatwa kwa tuhuma za kuhudhuria harusi ya wanaume. Ni Pongwe ya Unguja, siyo hii yetu ya njia ya Muheza. Rafiki zao waliwaambia Amnesty International kwamba kosa lao lilikuwa kukutwa wamekaa wawili wawili.

Wawili wawili. Ndiyo maana sisi tulitembea vile.

"HUYU MUME WANGU"

Tuliondoka kwenye kahawa saa 7 na kitu. Barabara tupu, taa moja inawaka moja imezimika. Wale vijana wawili walikuwa mbele, wamechoka, wameusahau mchezo wetu wa jioni. Hawakushikana mikono, ila walitembea karibu, na mmoja aliinamia bega la mwenzake kucheka.

Tochi ikawaka usoni. Vijana wa ulinzi wa mtaa, watatu, na fimbo.

"Nyie wawili. Mnatoka wapi? Mnalala wapi?"

Lafudhi ya Mombasa haifichiki. "Twatoka harusini, kaka." Tochi ikapanda, ikashuka. "Wakenya? Vitambulisho. Mnalala wote wawili?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililonikimbiza. Nikafika pale na viatu mkononi, nikamshika mkono yule wa shati la bluu, nikafoka kama mke aliyechoshwa: "Mnamhoji nini mume wangu? Tangu shughulini namwambia tuwahi, yeye na shemeji yake maneno hayaishi!" Mwenzangu akadaka hapo hapo, akaja kusimama upande wa yule mwingine, akainama: "Shikamoo kaka, samahani, tumechelewa." Yule kijana wa tochi hata miaka 20 sidhani kama alikuwa nayo, lakini shikamoo ilimwingia. Akazima tochi.

"Wapelekeni wakalale dada. Usiku mbaya huu, na siasa hizi."

Tukaenda. Hakuna aliyezungumza mpaka gesti. Mwenzangu alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu hadi kesho yake alama ilionekana. Kwenye korido kila mmoja akashika ufunguo wake. Yule wa shati la bluu akaniambia, "Asante, mke wangu. Wewe ni wa tatu. Nina mmoja Malindi na mmoja Nairobi." Akacheka, akaenda chumba cha mwisho, peke yake, jirani na choo.

Mimi nikaingia chumbani na mwenzangu, tukafunga mlango, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na swali. Sikupata usingizi hadi adhana.

PEMBA TUIACHE KWANZA

Mpango wetu ulikuwa Jumapili tuulizie meli ya Pemba. Kwa vijana wale Pemba ilikuwa ndoto: bibi wa mmoja wao alitoka Wete. Tukaujadili juu ya vitumbua na chai.

Pemba ni mahali watu wamekufa kwa ajili ya kura. Januari 27, 2001 wafuasi wa CUF waliandamana, wakapigwa risasi, na mamia wakapanda mitumbwi wakakimbilia Shimoni, upande wa Kenya. Kwenye chaguzi nyingi tangu hapo kisiwa kimejaa askari, na mgeni anaulizwa kaja kwa nani. Wakenya wawili, wanaume, hawana mwenyeji, mwezi mmoja kabla ya kura? Na kule hata sisi wanawake tumeandikwa. Mchezo wetu wa wake na waume usingetufikisha mbali.

Wakaamua warudi kwao. Na kwao nako si pepo. Februari 2015, njia hii hii ya kurudi Mombasa, wanaume wawili walikamatwa baa moja karibu na Ukunda, wakapelekwa hospitali kupimwa sehemu za siri kwa nguvu. Lakini wale walikwenda mahakamani. Mombasa ikawakatalia 2016, wakakata rufaa, na Machi 22, 2018 Mahakama ya Rufani, iliyoketi Mombasa hapo hapo, ikasema vipimo vile ni kinyume cha katiba. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema hata chama chao cha kutetea haki kina haki ya kuandikishwa. Kifungu cha 162 bado kipo, 14 ni 14. Ila sasa askari akimkamata mtu Ukunda, kuna karatasi ya kumwonyesha, ina namba ya kesi na muhuri.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya sitara na haki. Sitara ya Tanga ni tamu, nimeionja, nimeicheza. Nisingependa ipotee. Lakini aliyekusitiri akigombea udiwani, au jirani akitaka kumwangusha mwenzake, sitara yako ndiyo ya kwanza kuuzwa, na huna pa kwenda kuidai. Muhuri wa mahakama hauchezi taarabu, ni kweli, lakini hauangalii kalenda ya uchaguzi.

KWA WALE WA SAFARI

Kama wewe ni wa upande wetu na unakuja Tanga, njoo. Mji ni mzuri, watu wana adabu. Wanaume wawili, wekeni bajeti ya vyumba viwili, msibishane na mapokezi. Simu iwe na namba ya siri, na picha zenu zisiwe humo. Tembeeni na dada zenu, na muwe mmeshakubaliana nani mume wa nani kabla tochi haijawaka. Benchi la kahawa likianza vichekesho vya siasa na viganja kupindwa, lipeni, ondokeni taratibu, msikimbie. Na mwaka wa uchaguzi, visiwani mtakwenda mwaka unaofuata.

Kama wewe si wa upande wetu na umesoma hadi hapa, asante. Siku ukiwa na tochi mkononi, uliza jina, uliza anakotoka. Ile ya "mnalala wote wawili" iache.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kwa wanaouliza, vijana walifika Mombasa salama saa 10 jioni, na wametutumia salamu. Yule wa shati la bluu anasema mahari yangu ataileta kwa awamu.